Kisima cha Kiwangwa

Nasrin alishuka kwenye gari lake hapo Mapinga, akalisimamisha kwa mkono lori la kuchimbia visima lililokuwa likiacha barabara kuu.

"Mama, mwenyekiti wa bodi yenu kanipigia sasa hivi," dereva alisema. "Kasema tukachimbe kwenye viwanja vyake vya hapa Mapinga."

Miaka ishirini na miwili Nasrin alikuwa akiongoza taasisi za misaada, na mengi alikuwa ameyameza. Lakini kisima hiki kilikuwa cha zahanati ya Kiwangwa, ambako kila mjamzito huenda kujifungua na ndoo yake ya maji. Aliwaahidi yeye mwenyewe.

Akampigia mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Kisima kinakwenda Kiwangwa."

"Marahaba. Mwanangu, wafadhili niliwaleta mimi. Na viwanja bila maji havinunuliki."

"Fedha zilitolewa kwa ajili ya wazazi, mzee, si viwanja."

"Lori likipita hapo Mapinga, kesho usije ofisini."

Mlango wa lori ulikuwa wa moto kwa jua. Nasrin aliushika hivyo hivyo, kiganja kikaungua, asiutoe mkono.

"Basi kesho sitakuja," alisema. "Lakini leo bado mimi ndiye mkurugenzi."

Akakata simu, akapanda, akaketi kando ya dereva.

"Nyoosha, baba. Twende Kiwangwa."

Simu ya dereva ikaanza kuita. Aliitazama, akamtazama Nasrin, kisha akaigeuza kifudifudi na kukanyaga mafuta.