Nyenje wa Mwisho

Siku hizo kila nyumba ilipewa mjusi kafiri mmoja wa kupimia hewa. Mjusi akifa, waliomo ndani walihamishwa jioni hiyohiyo, wala habari zao hazikusikika tena. Naye mjusi alikuwa na madeko yake: hagusi chakula kisichotembea.

Ndiyo maana Asumini aliwalea nyenje kama vifaranga. Aliwaweka ndani ya ndoo yenye vipande vya trei za mayai, akaupaka ukingo mafuta wasipande, akawatilia pumba na kipande cha kiazi wapate maji. Kiazi chenyewe alikitoa kwenye sahani ya bintiye, Raya.

Asubuhi moja aliinua mfuniko akakuta ndoo tupu. Ukutani mjusi alikuwa amelegea, mkia umekonda kama uzi. Raya alikuwa amechuchumaa pembeni, shavu moja limetuna.

"Mama, njaa iliniuma," alisema kwa shida.

Asumini hakumpiga. Alimshika taya taratibu, kama anayembembeleza.

"Usitafune, mwanangu," alisema. "Fungua kinywa nione kama bado yu hai."