Jina Lililotangulia

"Nani amegusa kompyuta yangu?" Bishara alifoka, akatupa chini kitambaa cha kufutia vumbi. Mashine ya kuchonga ilikuwa imeshamaliza kazi, na jiwe la kaburi la mama wa watu lilikuwa limeharibika.

"Mimi," alijibu Shekue, mteja aliyeagiza majina ya watoto wote wa marehemu yachongwe kwenye jiwe hilo. "Nimemfuta dada yangu Tunu. Aliolewa tusikotaka. Hana nafasi kwa mama."

"Kwa mama yake mzazi?"

"Fundi, kazi yako ni kuchonga."

Bishara alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye jiwe. Majina mawili ya kwanza yalikuwa yamekaa sawa. La Shekue, la mwisho, lilianzia pembeni kabisa. Herufi mbili tu zilisomeka, kisha ncha ya mashine ilitoka nje ya jiwe ikaenda kuikwaruza meza.

"Mashine hii haipimi kutoka ukingoni. Ikimaliza jina inainua ncha, inahesabu hatua kutoka pale pale iliposimama. Jina lako nililipima kutoka jina la Tunu lilipoishia. Umemfuta, ikahesabu kutoka mwisho wa jina refu la juu yake. Sasa wewe uanzie wapi?"

"Nimesema rekebisha!"

"Nani alikutangulia kuzaliwa akakuachia ziwa la mama, Shekue?"

 Shekue alipitisha kidole juu ya herufi zake mbili. Kikafika ukingoni mwa jiwe, kikashuka mezani, kikaufuata ule mkwaruzo.