Kiti cha Nyuma

Kitwana alikuwa na magari makuukuu mawili ya kuuza, Landrova na Pijo, na mdomo wa kuyauzia.

"Landrova hii, Bi Zamoyoni, inavuta kwa magurudumu yote manne, matope inayanywa kama uji. Pijo inafika mia na arobaini, lakini mlimani itakuaibisha."

Zamoyoni mkunga hakutaka hata kufunguliwa boneti. Wanawake wa mji walikuwa wamemwachia yeye kuchagua gari la kuwapeleka wajawazito hospitali, baada ya mwenzao kufia njiani juu ya mkokoteni. Alivua viatu, akapanda Landrova, akajilaza kiti cha nyuma.

"Endesha."

"Umelala? Gari linajaribiwa kwa usukani, mama!"

"Dereva hazai. Twende."

Waliporudi alishuka ameshika kiuno, akahamia Pijo.

"Na mlima je?" Kitwana akauliza.

"Wanaume wa kusukuma mji huu hauna?"

Akajilaza, akakunja magoti, mikono juu ya tumbo. Kitwana akaondoa gari. Mbele palikuwa na lile shimo alilozoea kulipita kwa kasi. Alitazama kioo, akamwona amefumba macho. Mguu wake ukaacha kukanyaga mafuta, na Pijo ikaingia shimoni polepole, gurudumu moja kwanza, kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu.