Mbeleko ya Bi Mashavu

"Mbeleko niliinunua mimi," alisema Bi Mashavu, akaifungua mgongoni mwa mkwewe, Sikudhani, na kuikunja kwapani. "Mjukuu wangu hachomwi sindano kwa sababu ya mafua. Mafua huja yakaenda."

Sikudhani alimdaka mwanawe Kombo kabla hajaanguka. "Mama, mwaka jana mafua hayohayo yalimlaza Kombo wodini, akapumulia oksijeni. Ulikuwepo."

"Na hiyo chanjo itamtia homa."

"Homa ya siku moja naiweza."

Alivua mtandio kichwani, akamfunga nao mtoto mgongoni, akatoka. Mtaa ule mke wa mtu hapiti kichwa wazi. Wacheza bao barazani walimkodolea macho, kete mikononi. Mmoja aliguna. Sikudhani akawasalimia kwa sauti, kila mmoja kwa jina lake, mpaka wote wakalazimika kuitikia.

Katika zahanati, muuguzi alimweleza kwamba chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, maana mafua nayo hubadilika.

"Nitamleta," alijibu. "Hata kwa gunia nitambeba."

Kombo alichomwa, akalia, akanyamaza. Sikudhani alipomfunga tena mgongoni na kugeuka, Bi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni, anahema, amemnyooshea mbeleko.

"Jifunike kichwa. Watu wanatazama."

"Watazame."

Alikaza fundo kifuani, akampita. Kombo, machozi hayajamkauka, alinyoosha mkono akashika upindo wa mbeleko. Bi Mashavu hakuiachia. Wakaingia barabarani hivyo, nguo imetanda kati yao.