Kinyonga na Bati Lililovuja

Kanga aliatamia mayai kumi na mawili, na bati likamvujia. Mara tatu Ngedere, fundi mwepesi, aliziba palepale juu ya kiota. Mara tatu mvua ilirudi na tone likarudi. Kanga, akihofia mayai yataharibika, akamwita Kinyonga.

Ngedere akacheka. “Shangazi, mpaka huyu afike juu, vifaranga watakuwa wameota manyoya.”

Kinyonga alipanda juu. Alifuata unyevu juu ya boriti, na hatua ya arobaini ikamfikisha kwenye msumari uliolegea. “Maji huingia hapa,” alisema, “yakatembea na boriti hadi kwako.” Akaukaza.

Mvua ilinyesha siku tatu. Kanga akahesabu vifaranga: kumi na wawili, wakavu wote. Ngedere alikuwa juu ya boriti, akijifunza kutembea polepole.