Hasi Mara Hasi

Kwa miaka tisa Mwalimu Bukheti aliongoza idara ya hisabati. Muhula huu cheo kikapewa Nambua, binti ambaye Bukheti mwenyewe alimfundisha. Sasa walimu wote walimsifu Nambua, jinsi anavyoingia madarasani mwao, anavyoketi nyuma na kuwasaidia baadaye. Bukheti akamwonea wivu.

Jumanne ikafika zamu ya Bukheti kutembelewa darasani. Nambua akaketi dawati la mwisho.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akauliza, "kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya?"

"Ndiyo kanuni. Kariri!"

Nambua akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Shikamoo, Mwalimu wangu. Nami niliwahi kukuuliza hivyo hivyo. Natamani kusikia jibu kutoka kwako."

Bukheti alitaka kumfukuza, lakini macho arobaini yalimtazama. Naye hakuna aliyewahi kumweleza sababu.

"Hata mimi nilikaririshwa," akasema kwa shida. "Njoo utuonyeshe."

Nambua akaja mbele, akaishika chaki iliyokuwa mkononi mwa Bukheti. Bukheti, ingawa alimwita mwenyewe, alikuwa bado ameing'ang'ania, darasa zima likiwatazama.