Kikombe cha Bi Mwanahawa

Chande alipewa siku moja tu ya kuchagua kompyuta mpya za ofisi ya vizazi na vifo. Asubuhi alimwekea Bi Mwanahawa, karani wa dirishani, ile ya bei nafuu, yenye prosesa ya viini viwili tu, isiyomudu kazi nyingi kwa pamoja, akakaa pembeni kumtazama. Bi Mwanahawa akafungua daftari la majina, barua pepe, skana na cheti cha kifo alichofuata mzee aliyesimama mbele yake. Kompyuta ikaganda. Hakunung'unika. Alivuta kikombe chake cha chai ya maziwa, akapiga mafunda mawili, akamgeukia yule mzee.

"Pole na msiba, baba. Marehemu alikuwa nani wako?"

Mzee akaanza kusimulia.

Baada ya adhuhuri Chande akaleta kompyuta ya pili, yenye viini vinane. Bi Mwanahawa akafungua vyote vilevile, na vingine vitatu juu yake. Kompyuta wala haikushtuka. Vyeti vikafuatana, foleni ikayeyuka.

"Hii ndiyo yenyewe, mama," Chande akasema, akichomoa kalamu ajaze fomu ya kuagiza kompyuta.

"Nzuri, mwanangu. Haina masihara," akajibu, macho yake kwenye kioo cha kompyuta. "Anayefuata! Jina la marehemu?"

Mwanamke akalitaja jina, sauti ikamkatika. Cheti kilikuwa kimeshaanza kutoka kwenye printa.

Chande akaandika tarehe, kisha akasita. Kando ya kibodi, kikombe alichojaziwa upya adhuhuri kilikuwa bado kimejaa, hakijapigwa hata funda moja, na chai imefanya utando.